Bunduki ya Tembo Ikitaka Mtutu Mpya

Bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa haizeeki kwa namna moja na bunduki ya jeshini. Ya jeshini huchoka kwa kupigwa risasi nyingi, vitani na katika viwanja vya shabaha. Ya tembo na nyati, ambayo pengine haifyatuliwi hata mara hamsini kwa mwaka mzima, huchoka kwa kukaa. Huliwa na kutu ndani ya mkoba wa ngozi. Huliwa na chumvi ya fataki za zamani. Huvimba kwa sababu ya tope lililoingia mdomoni siku mwenyewe alipoteleza mtoni. Ndipo asubuhi moja mwenye bunduki hutoa komeo, huuelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha, na kuona vishimo vyeusi mahali palipokuwa pakimetameta. Hapo swali huzuka: je, anunue bunduki nyingine, au ile ya zamani ivishwe mtutu mpya?

Swali hilo si la matajiri peke yao. Ni kweli kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Uganda ikafuata mwaka 1979, hata wengi wakadhani kwamba bunduki kubwa zingebaki kuwa mapambo ya ukutani. Lakini Tanzania, iliyoufunga uwindaji mwaka 1973, iliufungua tena mwaka 1978. Na Uganda ilianza kuuruhusu kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya hifadhi ya Ziwa Mburo. Zaidi ya hayo, penye uwindaji na pasipo uwindaji, nyati aliyejeruhiwa na mtego wa waya hasomi sheria, wala tembo aingiaye katika shamba la mahindi usiku haombi ruhusa. Lazima atokee mtu mmoja wa kuwaendea, naye aghalabu ni askari mwenye mke na watoto wanaomngoja nyumbani. Mtutu utakaochaguliwa leo dukani ndio atakaoushika siku hiyo kichakani.

Kwa hiyo kipimo cha kuchagulia mtutu wa namna hii ni kimoja, nacho ni risasi ya pili. Risasi ya kwanza hupigwa kwa raha: mnyama amesimama, mwindaji ametulia, upepo umepimwa. Ya pili hupigwa mnyama akiwa anakuja, umbali wa hatua ishirini au kumi. Mtutu unaoisaidia risasi ya pili ni mwema hata kama ni wa bei ndogo. Usioisaidia ni mbaya hata kama jina lililochorwa juu yake linajulikana London na Chicago.

Kabla ya kununua, yafaa ithibitishwe kwanza kwamba mtutu wa zamani umekufa kweli. Mitutu mingi huhukumiwa bure. Bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri ikianza kutawanya risasi, mara nyingi kosa liko kwenye mti wa kitako, uliokauka wakati wa kiangazi na kusinyaa mpaka skrubu zikalegea. Au mti umepasuka nyuma ya kile kipande cha chuma kinachopokea teke la bunduki. Pengine kilengeo cha mbele kimegongwa na kupinda, au mifuo ya ndani imejaa shaba iliyoachwa na risasi za miaka mingi, nayo haijapata kusafishwa kwa dawa yake. Pengine ni mdomo tu wa mtutu uliochubuka kwa kusuguliwa na fimbo ya kusafishia kutoka mbele. Kosa hilo la mwisho fundi hulitibu kwa kukata mdomo kiasi kidogo na kuuchonga upya, na bunduki hurudi kazini kwa gharama ndogo kabisa.

Dalili za kifo cha kweli ni nyingine. Iwapo risasi inatoboa karatasi ya shabaha kwa ubavu, ikiacha tundu refu badala ya duara, mifuo haiishiki tena. Iwapo ndani ya mtutu kunaonekana pete nyeusi, na vidole vikipapasa kwa nje vinahisi uvimbe mahali pale pale, mtutu ulifyatuliwa ukiwa umezibwa na kitu: tope, kitambaa kilichosahauliwa, au kiota cha nyigu wajengao kwa udongo. Mtutu uliovimba haunyooshwi. Kama uvimbe uko karibu na mdomo, fundi anaweza kuukata na kuutupa. Kama uko katikati au nyuma, kazi imekwisha.

Dalili iliyo mbaya kuliko zote, na ambayo wengi huipuuza, ni vishimo vya kutu ndani ya chemba, pale ganda la risasi linapokaa. Vishimo vya katikati ya mtutu vinaweza kuvumiliwa, kwa maana nyati wa hatua ishirini hahitaji shabaha ya mashindano. Vishimo vya chemba havivumiliki. Baruti inapowaka, ganda la shaba hutanuka na kuingia katika vishimo hivyo, likashikwa kama kucha zinavyoshika gome la mti. Mwenye bunduki huvuta komeo, nalo halirudi. Risasi ya pili imo ndani ya magazini, nzima na safi, lakini haina njia ya kupita.

Kutu hiyo ina historia yake. Fataki za zamani zilitengenezwa kwa klorati ya potasi, na zikifyatuliwa zilibakiza ndani ya mtutu chumvi ya jamaa moja na ile ya jikoni. Mama wa nyumbani anajua jinsi kopo la chumvi linavyotoa machozi wakati wa masika. Chumvi ya mtutu hufanya vivyo hivyo, ikayanyonya maji ya hewani na kuyalaza juu ya chuma. Mafuta hayaiondoi, kwa sababu chumvi haiyeyuki katika mafuta. Ndiyo maana askari wa zamani walimimina maji ya moto yaliyochemka ndani ya mtutu, kisha wakaukausha na kuupaka mafuta, ilhali vijana waliona kwamba wazee wanaiharibu silaha. Fataki za siku hizi, zile za risasi za kuwindia, kwa kawaida hazina chumvi hiyo. Lakini bunduki nyingi za zamani zilikwisha kuugua kabla ya fataki mpya kufika.

Yafaa pia kuondoa dhana moja inayotoka kambini. Mtutu wa AK hupakwa kromi kwa ndani kiwandani, na ndiyo sababu mojawapo ya silaha ile kustahimili mvua, vumbi na uvivu wa mwenyewe. Mitutu ya bunduki za kuwindia kwa kawaida haina kromi hiyo. Askari aliyezoea AK akikabidhiwa bunduki ya tembo na kuitunza kwa desturi ile ile, atahitaji mtutu mpya mapema kuliko anavyotazamia.

Ikiisha kuthibitishwa kwamba mtutu umekufa, swali la kwanza ni ukubwa wa risasi. Hapa tamaa huwashinda wengi. Mtu aliyekuwa na bunduki ya .375 Holland & Holland, risasi iliyoanza kutumika mwaka 1912, huona kwamba maadamu mtutu unabadilishwa, basi afadhali awekewe mkubwa zaidi. Inafaa kutazama hesabu. Risasi ya AK ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde. Ya .375 ina gramu 19 na nusu, nayo hutoka kwa mita 770 hivi. Nguvu yake inakaribia kuwa mara tatu ya ile ya AK. Ya .458 Winchester Magnum ina gramu 32, na mwendo wake ni mita 640 hivi. Lakini kila nguvu inayokwenda mbele ina ndugu yake anayerudi nyuma. Teke la .375 ni zaidi ya mara mbili ya lile la bunduki ya jeshi ya 7.62 ya NATO, na la .458 ni zaidi ya mara tatu. Mpigaji aliyekwisha kuliogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi nzito iliyopigwa kwa macho yaliyofumbwa ni hatari kwa wanakijiji waliosimama nyuma yake.

Wapo watakaomtaja Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye katika maisha yake aliwaua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini Bell alikuwa amesomea fuvu la tembo kama daktari, alichagua mnyama wake na saa yake, na hakulazimika kuingia katika migomba usiku kumfuata tembo aliyekwisha kujeruhiwa na watu wengine. Katika nchi nyingi za Afrika ambako uwindaji unaruhusiwa, .375 ndiyo risasi ndogo kabisa inayokubaliwa kwa tembo na nyati, na sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Kuna kisa kingine chenye mafunzo zaidi juu ya mitutu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, risasi kubwa za Kiingereza zilianza kuadimika. Mwaka 1956 Wamarekani wakaleta .458 Winchester Magnum, iliyofupishwa makusudi ili iweze kuingia katika bunduki za urefu wa kawaida na za bei nafuu. Ilienea haraka Afrika nzima. Lakini ganda lake lilikuwa fupi mno kwa kazi iliyopewa. Baruti ilishindiliwa ndani yake kwa nguvu, na kadiri miaka ilivyopita ilishikana na kuwa mabonge yasiyowaka sawasawa. Risasi zikatoka kwa mwendo mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye sanduku, na nyingine zikashindwa kupenya. Mtutu mfupi uliizidishia kasoro hiyo. Mwaka 1959, huko Msumbiji, Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati, na mambo aliyoyaona yakamfanya aamini kwamba .458 ile haitoshi. Mwaka 1971 alitengeneza risasi yake mwenyewe, .458 Lott, kutokana na ganda la .375 lililopanuliwa na kukatwa mpaka urefu wa milimita 71. Risasi ya gramu 32 sasa ikatoka kwa mita 700 hivi, na baruti ikapata nafasi ya kupumua.

Jambo la kumpendeza mwenye bunduki ya .458 katika kisa hiki ni kwamba mtutu wake, ikiwa ndani bado ni mzima, hauna haja ya kutupwa. Fundi hurefusha chemba tu, akatazama na magazini kama inatosha, na bunduki ikawa Lott. Tena ikitokea dharura, bunduki ya Lott hukubali kufyatua risasi ile fupi ya zamani. Mahali ambapo duka moja la mjini huuza risasi za aina mbili au tatu tu, na pengine rafu ni tupu kwa miezi, hilo si jambo dogo. Na hapo ndipo ulipo ushauri wa maana kuliko wote kuhusu ukubwa: mtutu uchaguliwe kwa risasi zinazopatikana. Risasi ya .416 Rigby, iliyotoka mwaka 1911, ni nzuri sana. Lakini uzuri wake haumfai mtu ambaye akitaka sanduku moja lazima aandike barua ng'ambo na kungoja nusu mwaka. Kwa askari wa kituo cha mbali, .375 kubaki .375 ndilo chaguo la busara katika mara tisa kwa kumi.

Majina nayo hudanganya. Risasi ya .404 Jeffery, iliyopendwa na idara nyingi za wanyamapori wakati wa ukoloni, kipenyo chake halisi si .404 ya inchi bali .423, yaani milimita 10.7 hivi. Na ile iitwayo .450 Nitro Express hutumia risasi ya .458. Anayeagiza mtutu kwa jina bila kutaja vipimo anaweza kuletewa chuma kizuri kisichofaa kwa lolote. Barua ya kuagiza itaje jina kamili la risasi, kipenyo chake, na aina ya bunduki itakayovishwa.

Mwili wa bunduki, yaani kile chuma cha katikati ambamo komeo huenda na kurudi, nao una neno la kusema. Bunduki ya Mauser 98 ya urefu wa kawaida ilitengenezwa kwa risasi fupi kuliko .375. Mafundi wengi wameipanua kwa kuchonga chuma cha mbele ya magazini ili risasi ndefu ipite, lakini chuma hicho ndicho kinacholiegemeza sikio la chini la komeo wakati wa mlipuko. Kikichongwa mno, bunduki hudhoofika mahali pale pale panapobeba mzigo wote, sentimita chache tu kutoka kwenye jicho la mpigaji. Mwenye Mauser ya namna hiyo afadhali aweke mtutu wa 9.3×62, risasi ya Kijerumani ya mwaka 1905 ambayo huingia bila kuchonga, ikiwa sheria ya nchi yake inairuhusu. Mwenye bunduki ndefu, kama Brno ZKK 602 ya Chekoslovakia, hana shida hiyo.

Baada ya ukubwa huja urefu, na hapa ndipo mazungumzo kati ya askari na fundi huwa marefu. Askari husema, "Mzee, niwekee mtutu mrefu, nipate kupiga mbali." Fundi mwenye busara humjibu kwa swali: "Afande, nyati wa mwisho alikuwa umbali gani?" Askari hutazama huku na huku, kisha hunyosha kidole: "Kama kutoka hapa hadi kwenye ule mlango." "Basi," husema fundi, "tuupime mtutu kwa mlango ule."

Mitutu ya bunduki hizi huwa na urefu wa inchi 22 hadi 26. Kila inchi inayokatwa hupunguza mwendo wa risasi kwa mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Kwa .375 yenye mtutu wa inchi 24, kukata inchi mbili ni kupoteza mita kama 15 kati ya 770, ambazo mnyama hatazihisi. Lakini inchi mbili hizo mtu anayegeuka ghafla katikati ya matete atazihisi vizuri sana, kwa maana mtutu mrefu hunasa katika mitambaazi na kuchelewa. Upande wa pili, mtutu mfupi kupita kiasi hupiga kelele kali usoni pa mpigaji, na masikio yakishakufa hayafufuki. Inchi 22 hadi 24 zinatosha kwa .375, na kwa.458 Winchester, kwa sababu ya ule udhaifu wake, haifai kuupunguza chini ya hapo.

Unene wa mtutu hauna kanuni moja. Mtutu mwembamba huifanya bunduki iwe nyepesi kubeba kutwa nzima, na nzito begani wakati wa kufyatua. Mtutu mnene hutuliza teke lakini hulemaza mkono wa mbele. Bunduki nzima ya .375 ikiwa na uzito wa kilo 4 hadi 4.5 hivi, na uzito huo ukakaa kati ya mikono miwili badala ya kukimbilia mdomoni, itainuka yenyewe kufuata jicho. Njia ya kuipima ni rahisi: mwenye bunduki afumbe macho, aiweke begani kwa haraka, kisha afumbue. Ikiwa vilengeo viko mbele ya jicho bila kutafutwa, uzito umekaa mahali pake.

Kuhusu chuma, soko hutoa aina mbili kubwa. Ipo pua yenye kromi kidogo na molibdeni, ambayo hupakwa rangi nyeusi au ya buluu, na ipo ile iitwayo kwa kawaida chuma kisichopata kutu. Jina hilo la pili ni la kubembeleza. Chuma hicho hupata kutu, ila huchelewa. Pia hustahimili zaidi moto wa baruti pale mifuo inapoanzia. Kwa anayeishi kando ya ziwa au pwani ni chaguo jema, mradi ung'avu wake uondolewe, maana mtutu unaometameta juani hutangaza habari mbali. Kwa anayeishi nyanda kavu na aliye hodari wa kupaka mafuta, pua ya kawaida inatosha na bei yake ni nafuu. Kama mifuo ilikatwa kwa kisu, ilisukumwa kwa kitufe kigumu au ilifuliwa kwa nyundo, hilo ni jambo la wapiga shabaha za mashindano kubishania.

Jambo ambalo si la ubishi ni mzunguko wa mifuo. Kwa .375 mifuo huzunguka mara moja katika inchi 12, na kwa .458 mara moja katika inchi 14. Risasi mpya zilizotengenezwa kwa shaba tupu, bila madini ya risasi ndani, huwa ndefu kuliko za zamani za uzito ule ule, na risasi ndefu hutaka kuzungushwa zaidi ili iende moja kwa moja ikishaingia katika mfupa. Anayekusudia kuzitumia amwambie fundi kabla ya kuagiza, si baada. Risasi hizo ngumu zisipigwe ovyo katika bunduki za zamani za mitutu miwili, ambazo kuta zake ni nyembamba.

Na kwa kuwa bunduki za mitutu miwili zimetajwa: mwenye nayo asijidanganye kwamba mtutu mmoja ukiharibika utabadilishwa kama gurudumu la baiskeli. Mitutu hiyo miwili iliunganishwa kwa kupigwa shabaha na kurekebishwa mara nyingi, mpaka risasi zote mbili zikakutana mahali pamoja, tena kwa aina moja ya risasi. Kazi hiyo wanaoiweza ni wachache duniani, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya bunduki mpya ya komeo.

Vifaa vya juu ya mtutu husahauliwa katika hesabu ya fedha. Mtutu mpya huja ukiwa mtupu. Vilengeo lazima vifungwe upya, cha mbele kikiwa imara na chenye kuonekana katika giza la msitu. Pete ya ukanda wa kubebea ikae juu ya mtutu wenyewe, mbele ya mti, isiwe kwenye mti kama bunduki ndogo. Vinginevyo siku ya kufyatua mkono wa kushoto utateleza mbele na kuchanwa. Kwa risasi za .458 na zaidi, fundi aongeze chini ya mtutu kipande cha pili cha kupokea teke, mti usije ukapasuka. Na chemba isichongwe kwa kubana kama ya bunduki ya mashindano. Risasi yenye vumbi lazima iingie na kutoka kwa kidole kimoja.

Upande wa sheria, haya si mambo ya kumalizwa kati ya mtu na fundi chini ya mwembe. Uganda ina Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, Tanzania ina ya mwaka 2015, na Kenya inayo yake. Mwenye leseni apite polisi kabla ya kazi kuanza, ampelekee fundi mwenye kibali, na mabadiliko ya ukubwa wa risasi yaandikwe katika leseni; leseni inayosema .375 haimlindi mtu mwenye bunduki ya .458. Mtutu wa zamani usitupwe jalalani wala kupewa mhunzi wa jirani. Chuma kilichochoka kwa tembo bado kinatosha kutengenezewa gobori la kuulia watu, na polisi wanajua jinsi ya kukiharibu. Huko Uingereza bunduki iliyovishwa mtutu mpya haiwezi kuuzwa kihalali mpaka ipimwe tena kwa risasi ya nguvu zaidi katika nyumba za majaribio za London au Birmingham. Anayeagiza kutoka huko atazame mhuri.

Nyumbani, mkoba wa ngozi utumike njiani tu. Ngozi hushika unyevu, na bunduki iliyolazwa ndani yake tangu masika hadi vuli itatoka na kutu hata kama mtutu ni mpya. Isimame wima ndani ya kabati lenye kufuli, mdomo ukiangalia chini, ili mafuta yasishuke katika mti wa kitako; isiwekwe karibu na jiko, maana moshi nao una maji na tindikali. Risasi zifungiwe mahali pengine. Hakuna kitambaa cha kuzibia mdomo, hata kama kinazuia vumbi: siku moja kitasahauliwa. Kipande chepesi cha utepe wa gundi juu ya mdomo kinatosha kuzuia nyigu na tope. Watoto wakiwa na umri wa kudadisi, mama naye ajue ufunguo uko wapi na hauko wapi.

Bunduki ikirudi kutoka kwa fundi isipelekwe porini kesho yake. Ipelekwe kwanza kiwanja cha shabaha pamoja na risasi zile zile zitakazotumika kazini, ishirini hivi, ingawa bei yake inauma. Tano za kwanza zipigwe kwa utulivu katika mita 50, kurekebisha vilengeo. Zilizobaki zipigwe kwa kusimama, magazini ikiwa imejaa, mbili mbili kwa haraka, komeo likivutwa kwa nguvu bila huruma, saa nane mchana jua likiwaka na mtutu ukiwa wa moto. Maganda yakaguliwe moja moja kama yana mikwaruzo au uvimbe. Likikwama hata moja, bunduki irudi kwa fundi jioni ile ile, na askari aazime nyingine kituoni mpaka sababu ipatikane.